Maswali ya Wasomaji: Hei na Sileji Kabla Theluji Haijafika

Barua nyingi safari hii zinahusu Farming Simulator 22 (FS22), gemu la kampuni ya GIANTS Software ya Uswisi lililotoka Novemba 22, 2021. Ndilo la kwanza katika mfululizo wake kuja na majira ya mwaka yaliyojengwa ndani. Kabla yake, wachezaji wa Farming Simulator 19 (FS19) walipata majira kwa kupakua modi, yaani nyongeza ya gemu, iitwayo Seasons ya kikundi cha Realismus. Majira yakiingia, malisho yanakuwa kazi nzito kuliko ngano au mahindi, kwa sababu ng'ombe hula mwezi wa Januari kama wanavyokula Juni. Tumechagua barua zinazogusa hei (nyasi zilizokaushwa) na sileji (majani mabichi yaliyovundikwa pasipo hewa), na majibu mengine ni marefu kwa sababu swali lilistahili.

Nilianza shamba Agosti kama gemu linavyopanga, nikanunua ng'ombe kwa pesa yote. Kufika Desemba nyasi hazioti tena na banda halina chakula. Tatizo ni nini? — Msomaji, Dodoma

Tatizo ni mpangilio wa manunuzi. Gemu linakuanzisha Agosti, maana yake una miezi minne tu kabla baridi haijafunga malisho. Kuanzia Desemba hadi Februari nyasi zimesimama: ukizikata Novemba mwishoni, zitabaki fupi vilevile mpaka majira ya kuchipua. Kwa hiyo mwaka wa kwanza nunua vifaa vya malisho na ukate kadiri uwezavyo kati ya Agosti na Novemba, kisha ng'ombe wafuate. Kinyume cha hapo utanunua chakula kwa bei ya duka, na bei hiyo inamaliza faida yote ya maziwa.

Namna ya kukadiria akiba ni hii. Fungua ukurasa wa mifugo kwenye menyu uone kundi lako linakula lita ngapi kwa mwezi. Zidisha kwa 6, si kwa 3. Baridi ni miezi mitatu, ndiyo, lakini ukipiga hesabu kutoka mkato wa mwisho wa vuli hadi mkato wa kwanza wa maana baada ya baridi, kisha uongeze mwezi wa kuvundika sileji, unafika nusu mwaka. Kundi linalokula lita 12,000 kwa mwezi linataka lita 72,000 ghalani kabla ya Desemba. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya ndama watakaokua, kwa sababu mnyama anavyoongezeka umri ndivyo anavyoongeza mlo, na hesabu ya Oktoba haitakuwa sahihi Machi.

Kuna jambo moja wachezaji wengi hawalijui, nalo ndilo linaloamua utapata mikato mingapi kwa mwaka. Ukuaji wa majira haufanyiki kidogo kidogo kila saa. Mimea inapiga hatua pale mwezi unapobadilika. Ukikata shamba jioni ya siku ya mwisho ya mwezi, nyasi zinapiga hatua usiku huohuo. Ukilala bila kukata, ukakata asubuhi ya tarehe mosi, umesubirisha shamba mwezi mzima bure. Kwa mwaka mmoja kosa hilo likirudiwa linakunyima mkato mzima. Kwa hiyo ukiona shamba limefikia hatua ya kuvunwa kwenye ramani, hakikisha mashine ya kukata imepita kabla ya saa sita usiku wa kufunga mwezi. Kugeuza na kufunga marobota kunaweza kusubiri kesho, maana nyasi zilizolala chini hazizuii zile za chini yake kuchipua.

Na mbolea usiisahau. Uwanja wa nyasi una hatua mbili za mbolea kama mazao mengine, na samadi ya maji ya ng'ombe wako mwenyewe inatosha kuzijaza. Rudia baada ya kila mkato.

Naomba hatua za kutengeneza hei kuanzia mwanzo. Nimenunua mashine nne na sijui ipi inatangulia. — Msomaji, Nakuru

Utaratibu ni kukata, kugeuza, kukusanya mistari, kisha kuokota. Kila hatua ina mtego wake.

Kukata: chagua mashine inayotandaza nyasi zilizokatwa kwa upana, si inayozirundika katikati. Mashine kubwa za kukata, hasa zile za pacha zinazofungwa mbele na nyuma ya trekta, mara nyingi zina mikanda ya kusogeza nyasi ziwe mstari mmoja mnene. Mikanda hiyo ni ya sileji. Kwa hei, izime, au nunua mashine isiyo nayo. Mstari mnene ukipitiwa na mashine ya kugeuza, sehemu ya nyasi inaweza kubaki mbichi chini ya rundo.

Kugeuza: hapa ndipo nyasi zinapokuwa hei. Ile mashine yenye vichwa vinavyozunguka na vidole vya chuma inapopita juu ya nyasi zilizokatwa, zinabadilika kuwa hei papo hapo. Rangi inapauka na ukisimama juu yake jina linaonekana. Usiende kasi kuliko kikomo cha mashine, na pishana na mstari uliopita kwa nusu mita hivi. Ukiacha utepe katikati, utabaki nyasi. Baadaye tela la kuokota lililojaa hei litaupita bila kuugusa, kwa kuwa chombo kimoja hakichanganyi aina mbili, na mchezaji anadhani mashine imeharibika. Kabla ya kufungua reki, zunguka shamba na utazame pembe na kingo. Ukiona kijani kibichi, rudi nayo mashine ya kugeuza. Kupita mara ya pili juu ya hei hakuna madhara.

Kukusanya: reki inavuta hei kuwa mistari. Pima mstari kwa upana wa kiokoteo cha mashine inayofuata, si kwa upana wa reki. Reki ya rota nne, yaani vichwa vinne vinavyozunguka, itakupa mstari mkubwa unaopendeza machoni, lakini mashine ndogo ya marobota itaupita ikiacha hei pande zote mbili, na itabidi urudie mstari uleule. Kama una mashine ndogo, reki ya rota moja au mbili inakutosha, na ni nafuu zaidi.

Kuokota: una njia mbili. Tela la kuokota linabeba hei ikiwa huru hadi ghalani, haina gharama ya kubeba robota mojamoja, na unaweza kuimwaga chini ya paa lolote. Marobota yanagharimu mashine zaidi ila yanahesabika na yanauzika kirahisi. Kwa shamba la ng'ombe wachache lililo karibu na banda, tunapendekeza tela. Mashamba yakiwa mbali, funga marobota.

Marobota ya duara yanakuja na kipenyo cha sentimita 125, 150 na 180, na ya mraba yana urefu wa sentimita 180, 220 na 240. Kabla ya kununua mashine ya kufunga, angalia dukani kama mashine ya kufunikia kwa plastiki na tela la kubebea unalotaka vinakubali ukubwa huo. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea: mchezaji ananunua mashine ya marobota makubwa kuliko yote, kisha anagundua kwamba mashine ya plastiki aliyonayo haiyapokei.

Kwenye FS19 yenye modi ya Seasons nilikuwa nasubiri hei ikauke. Kwenye FS22 inakauka mara moja. Je, kuna mpangilio nimeuzima? — Msomaji, Kampala

Hukuzima kitu. FS22 ilichukua kalenda, ukuaji wa majira na theluji, lakini haikuchukua ukaushaji. Kwenye modi ya Seasons, mashine ya kugeuza haikupi hei. Inakupa nyasi nusu kavu, nazo zinaendelea kukauka zenyewe kulingana na hali ya hewa. Mvua ikipiga, unyevu unarudi na kazi yako inaanza upya. Marobota ya hei au majani makavu ya nafaka yaliyoachwa nje yanaharibika kwa mvua, ndiyo maana ghala lenye paa ni kifaa cha lazima kule na ni hiari huku.

Kwa wanaoendelea na FS19, kanuni ni kutazama utabiri kabla ya kutoa trekta. Kata pale unapoona siku kavu zimefuatana, geuza mapema ili jua lifanye kazi mchana wote, na usipange hei mwishoni mwa vuli, kwa kuwa joto limeshuka na ukaushaji unakwenda polepole mno. Wingu likikukuta na nyasi bado chini, acha wazo la hei. Kusanya mistari, funga marobota yakiwa mabichi na yafunike kwa plastiki. Umepata sileji, na hujapoteza mkato.

Tuseme wazi kwamba mtindo wa modi uko karibu zaidi na shamba la kweli. Nyasi mbichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 80 hivi, na hei salama ina unyevu wa karibu asilimia 15. Piga hesabu: tani moja ya hei ya namna hiyo ina kilo 850 za vitu vikavu, na ili uzipate unahitaji kilo 4,250 za nyasi mbichi. Maana yake kilo 3,400 za maji zilikuwa ndani ya nyasi hizo, na kilo 3,250 zimelazimika kuondoka kwa jua na upepo. Ndiyo maana wakulima wa Ulaya na Marekani hugeuza nyasi mara kadhaa, na ndiyo maana robota lililofungwa likiwa na unyevu hupata joto kwa ndani, huota ukungu, na maghala mengine huungua. Kwenye FS22 lita moja ya nyasi inatoa lita moja ya hei. Wanaotaka changamoto wanaweza kujiwekea sharti lao: wasifunge hei siku iliyokatwa, na wasiikusanye siku yenye mvua. Gemu halilazimishi, lakini mpangilio wa kazi unabadilika kabisa.

Nimefunika marobota ya nyasi kwa plastiki siku nne zilizopita na bado yanaandika asilimia 60 na kitu. Rafiki yangu yake yalikuwa tayari siku ya pili. — Msomaji, Mombasa

Linganisheni idadi ya siku mlizoweka kwa mwezi. FS22 inakuruhusu kuweka siku 1 hadi 28 kwa kila mwezi, na uvundikaji wa robota lililofunikwa unachukua mwezi mmoja wa gemu. Rafiki yako ana siku moja kwa mwezi, wewe una sita. Nyote mnasubiri muda uleule kwa kalenda.

Kabla ya kubadilisha mpangilio huo kumbuka mambo mawili. Kwanza, siku mpya zinaanza kuhesabiwa mwezi ujao, si leo. Pili, siku moja kwa mwezi ina maana kukata, kugeuza, kukusanya na kubeba vyote viishe kabla ya usiku, la sivyo mwezi umepita. Kwa mtu mmoja asiye na wafanyakazi wengi, siku 3 kwa mwezi ndizo tunazoshauri: unapata nafasi ya kumaliza kazi, na sileji haichukui wiki nzima ya uhai wako halisi. Mlo wa mifugo unahesabiwa kwa mwezi, hivyo kuongeza siku hakuwafanyi wale mara tatu.

Robota la nyasi lisilofunikwa litabaki nyasi milele. Halivundiki kwa kukaa tu.

Bunka langu linakataa kufika asilimia 100 ya ushindiliaji. Natembea juu yake na trekta mpaka nachoka. Na lile la pili nimelimaliza lakini halinikubalii kumwaga mzigo mpya. — Msomaji, Arusha

Ni maswali mawili, na yote mawili yanatokana na pembezoni mwa bunka, yaani ile sehemu yenye kuta ya kuvundikia sileji.

Ushindiliaji unahesabiwa kwa eneo ambalo magurudumu yamepita. Mchezaji anamwaga matela kumi, rundo linakuwa mlima, kisha anapanda na kushuka katikati tu. Katikati imekwisha kushindiliwa zamani. Kilicholegea ni ukanda wa karibu na kuta na ile miteremko ya mbele na nyuma. Pita kando ya ukuta, gurudumu la upande mmoja likiusugua kabisa, toka mwanzo hadi mwisho, kisha geuka ufanye upande wa pili. Miteremko ipande polepole kutoka nje. Asilimia zitaanza kusogea tena.

Afadhali zaidi, usiache ifike huko. Mwaga kila tela kwa kutembea taratibu ndani ya bunka ili mzigo ulale kama blanketi, si rundo, sambaza kwa kijembe cha mbele, shindilia, ndipo tela lingine liingie. Uzito ndio unaofanya kazi. Trekta dogo likiwa tupu litakula mchana mzima. Lifunge uzito mbele, au nunua rola ya kushindilia sileji, ile yenye magurudumu mazito ya chuma yaliyopangwa kama ya reli, na trekta hilohilo litamaliza kwa mizunguko michache. Kama una kipakiaji kizito cha magurudumu, kitumie kabla hujanunua kingine.

Kwenye shamba la kweli kazi hii ndiyo roho ya sileji. Bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki wanafanya kazi pasipo hewa, na asidi yao inashusha pH (kipimo cha uchachu) hadi karibu 4, kiwango ambacho waharibifu hawawezi kuishi. Hewa ikibaki katikati ya majani, sukari inaliwa na viumbe vingine, rundo linapata joto na ukungu unaingia. Kwa hiyo ukishindilia bunka ndani ya gemu, unafanya jambo lilelile linaloamua kama ng'ombe wa kweli atakula au atageuza kichwa.

Ushindiliaji ukifika 100, shuka kwenye trekta, simama karibu na bunka na ubonyeze kitufe cha kufunika turubai. Kuanzia hapo huwezi kuongeza. Subiri takribani mwezi mmoja wa gemu, kisha fungua.

Swali la pili: bunka lililofunguliwa linabaki katika hali ya kutolewa mzigo mpaka liwe tupu kweli. Lita chache zilizobaki kwenye pembe ya ukuta, ambazo macho hayazioni vizuri, zinatosha kulizuia lisirudi kwenye hali ya kujazwa. Chukua ndoo pana ya kipakiaji, iteremshe mpaka iguse sakafu, uipitishe ukutani pande zote. Anza kutoa mzigo upande mmoja na usonge mbele hadi ukuta wa mwisho, badala ya kuchota hapa na pale. Ukichota ovyo mabaki yanatapakaa bunka zima. Mwenye nafasi ajenge mabunka mawili madogo badala ya moja kubwa. Moja linalisha, jingine linavundika.

Nyasi au mahindi, kipi kinafaa kwa sileji? — Msomaji, Lubumbashi

Vyote, kwa nyakati tofauti. Nyasi zinakupa mikato kadhaa kuanzia majira ya kuchipua mpaka vuli, na huhitaji kupanda tena. Mahindi yanapandwa Aprili na Mei, yanavunwa Oktoba na Novemba, mara moja tu, lakini kwa ekari yanatoa mzigo mkubwa kwa mpigo mmoja. Gharama ya kuingilia ndiyo inayotofautisha: mashine ya kuvuna na kukatakata mahindi ni ghali, inahitaji kichwa chake, na inahitaji matela mawili yakipokezana la sivyo inasimama. Mtu aliyeko peke yake na ng'ombe chini ya 30 abaki na nyasi. Anayelenga kuuza sileji kwenye mtambo wa baiogesi alime mahindi, na asisahau kwamba mabaki ya mtambo huo yanarudi shambani kama mbolea.

Kiongezi cha sileji kinaongeza mavuno kwa asilimia 5. Kwenye robota kumi hutakiona. Kwenye mashamba makubwa ya mahindi, kijaze.

Kondoo wangu hawagusi sileji. Wana ugonjwa? — Msomaji, Zanzibar

Hawana. Kondoo wa gemu hili wanakula nyasi na hei, na farasi wanataka hei pamoja na oti (oats) au mtama. Sileji ni ya ng'ombe. Ukiwa na kondoo peke yao, usinunue kabisa mashine ya plastiki.

Ng'ombe wanakula hei na sileji nilizowawekea, lakini uzalishaji haufiki mwisho. — Msomaji, Kigoma

Ukiwapa kimojakimoja hawatafika. Wanachotaka ni mlo uliochanganywa: hei, sileji, majani makavu ya nafaka, na chakula cha madini ambacho FS22 ilikiongeza. Vyote vinaingia kwenye tela la kuchanganyia. Upau wa kila kiungo una alama za kiwango cha chini na cha juu. Mchanganyiko unakubaliwa pale tu kila kimoja kinapokuwa ndani ya alama zake.

Kosa la kawaida ni kuanza na sileji kwa kuwa ndiyo nyingi, ukajaza tela mpaka juu, kisha hakuna nafasi ya hei. Anza na vitu vya robota, kwa sababu robota huwezi kuligawa: likiingia limeingia lote. Tela likiwa dogo, robota moja la hei la sentimita 180 linaweza kupitisha alama ya juu peke yake, na hutaliokoa ila kwa kuongeza sileji ambayo haina pa kukaa. Kwa hiyo linganisha ukubwa wa robota na ujazo wa tela kabla hujaanza. Baada ya hei weka majani makavu, kisha madini kidogo, na malizia na sileji kwa ndoo, kwani sileji ya bunka unaweza kuipima.

Ukiona mchanganyiko umekataa, tazama upau upi umevuka. Mara nyingi ni hei. Madini yakizidi, kumwaga nusu ya tela hakusaidii kwa kuwa uwiano unabaki uleule. Ongeza viungo vingine.

Nina ng'ombe wawili wa kweli nyumbani. Haya ya gemu yananisaidia chochote, ama ni ya Wazungu wenye matrekta? — Msomaji, Kiambu

Kanuni ni zilezile, vifaa ndivyo vinabadilika. Kiangazi chako ndicho baridi yao: kuna miezi ambayo malisho hayaoti, na chakula chake kinatengenezwa mvua ikiwepo.

Kwa hei, nyasi ya Boma Rhodes inakatwa ikiwa nusu yake imechanua. Ukisubiri mbegu zikomae utapata vijiti. Itandaze, igeuze kwa uma mara mbili kwa siku, na siku mbili hadi tatu za jua zinatosha. Pima kwa kusokota fungu mkononi: shina likivunjika bila kutoa utomvu, imekauka. Mashine ya kufunga marobota unaitengeneza kwa mbao: sanduku lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45. Laza kamba mbili ndani zikitokeza nje, jaza hei, kanyaga mpaka ishibe, funga kamba, vua sanduku. Robota hilo lina kilo 20 hivi. Liweke juu ya mbao, si juu ya sakafu, chini ya paa lisilovuja. Ng'ombe wako wakila marobota mawili kwa siku, kiangazi cha siku 90 kinataka 180, na sasa unajua ni kiasi gani cha kukata.

Kwa sileji ya matete, kata yakiwa na kimo cha mita moja hivi. Yanyaushe juani kwa nusu siku au zaidi, kisha yakatekate vipande vya sentimita 2 hadi 3. Finya konzi moja: maji yakidondoka bado ni mabichi mno, na yakivundikwa hivyo yatanuka vibaya, fungu hilo likiachia polepole bila kulowesha kiganja, endelea. Matete yana sukari kidogo, kwa hiyo yanyunyizie molasi iliyozimuliwa kwa maji, molasi yenyewe ikiwa asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa majani. Mahindi yaliyokatwa punje zikiwa zimetoka kwenye maziwa na kuanza kuwa unga hayahitaji molasi. Jaza kwenye mfuko wa nailoni nzito wa geji 1000, tabaka baada ya tabaka, ukikanyaga kila tabaka, hasa pembeni, maana pale ndipo hewa inapojificha, sawa na kwenye kuta za bunka. Funga mdomo bila kuacha hewa, weka pahali pasipo na panya, na usiguse kwa wiki sita.

Ukifungua, toa tabaka zima la juu kila siku badala ya kuchimba shimo katikati, funga mdomo tena mara moja, na uwape ng'ombe baada ya kukamua, kwa sababu harufu ya sileji inaingia haraka kwenye maziwa.